Chokoleti nyeusi si dawa ya sukari: tusome yaliyoandikwa nyuma ya boksi

Na Mwandishi Wetu, Qantab, Maskati

KWA sisi tunaoishi huku Maskati, ni nadra kuingia nyumba ya Mswahili na kukosa boksi la chokoleti. Akizaliwa mtoto, linaletwa. Akilazwa mgonjwa, linaletwa. Idi ikiingia, hapana haja ya kusema. Haluwa na kahawa bado zina heshima zake, lakini pembeni ya sinia ya haluwa siku hizi hukaa boksi la chokoleti za mchanganyiko, kila moja imeviringwa karatasi yake ya kung'aa. Mgeni hahesabu amekula ngapi. Anayetaka kujua ahesabu makaratasi yaliyobaki mezani.

Hapa Qantab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya majabali na bahari, mwendo mfupi kutoka Maskati ya kale, mambo ni hayo hayo. Jodari na nguru wanatoka baharini asubuhi, na jioni barazani panapita kahawa, tende na boksi. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2024 kumeongezeka jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Maboksi yanayonunuliwa sasa ni ya chokoleti nyeusi, na yananunuliwa makusudi kwa ajili ya wazee wenye maradhi ya sukari. "Kula mama, hii nyeusi, haina neno." Kauli hiyo tumeisikia katika nyumba zaidi ya moja, na kila mara anayeisema ni mtoto anayempenda mama yake.

Wasomaji wetu wamezoea kutukuta tukiandika siasa za nyumbani, na wako watakaouliza chokoleti inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu maradhi haya yanatumaliza, wa huku na wa kule. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Oman mwaka 2017 ulikuta kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila sita ana kisukari, au damu yake ina sukari iliyopanda, na theluthi ya watu wazima wana presha. Tanzania Bara nayo, uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9 ya watu wazima wana sukari. Kila familia inayosoma ukurasa huu ina mtu wake katika hesabu hizo.

Habari ya kuwa chokoleti nyeusi ni dawa haikuzuka hewani. Ina mzizi, na mzizi wenyewe ni wa kweli. Mwezi Desemba 2024 jarida la matibabu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliofuatilia kwa miaka mingi maelfu ya wauguzi na watumishi wengine wa afya. Walikuta kwamba waliokuwa wakila chokoleti nyeusi mara tano au zaidi kwa wiki walipatwa na kisukari cha ukubwani kwa asilimia 21 pungufu kuliko wasioila kabisa au waliokula kwa nadra. Chokoleti ya maziwa haikuonesha faida hiyo, na walaji wake waliongezeka uzito. Habari ikapita kwenye simu zetu, ikafupishwa, ikafupishwa tena, mpaka ikafika Qantab ikiwa na maneno manne: chokoleti nyeusi inatibu sukari.

Hayo siyo waliyoyasema watafiti. Kwanza, waliochunguzwa walianza wakiwa hawana kisukari. Swali lilikuwa nani atapatwa, wala halikuwa vipi atatibiwa aliyekwisha kupatwa. Pili, utafiti wa namna ile huonesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kimemzaa mwenziwe; huenda mtu anayechagua chokoleti chungu ndiye huyo huyo anayetembea kila jioni na asiyetia sukari kwenye chai. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, kipimo chao cha mlo mmoja kilikuwa kiasi cha gramu 28 za chokoleti nyeusi, na hawakutoa hukumu juu ya boksi la peremende zilizojazwa karameli, nazi, malai na matunda ya kusindika, kisha zikavishwa ganda jeusi. Utafiti wa chokoleti umegeuzwa ruhusa ya peremende.

Basi na tuligeuze boksi, tusome nyuma. Nchi za Ghuba zinataka maandishi ya bidhaa ya chakula yawe kwa Kiarabu, kwa hiyo asiyejua Kiingereza ana pa kusoma, hata kama ni karatasi iliyobandikwa juu ya ile ya asili. Lipo jambo moja ambalo mtu akilijua anaweza kusoma boksi lolote la chakula duniani. Viungo hupangwa kwa uzito: kilichotiwa kwa wingi zaidi huandikwa mwanzo, kilichotiwa kidogo zaidi huandikwa mwisho. Katika maboksi mengi ya mchanganyiko yanayoitwa meusi, neno la mwanzo kabisa ni sukari. Kakao iliyosagwa hufuata, pengine baada ya mafuta ya mawese. Sasa mtu akisoma "sukari" mwanzo wa orodha, maana yake ni kwamba hakuna kitu kingine ndani ya boksi lile kilicho kingi kama sukari. Hapo wino mweusi na maandishi ya dhahabu ya mbele hayasaidii kitu.

Tena wenye viwanda wana njia za kuigawa. Utakuta sukari, halafu maji ya glukosi, halafu sukari ya matunda, halafu unga wa maziwa uliojaa sukari yake. Vyote hivyo ni ndugu wa baba mmoja, lakini vikiandikwa mbalimbali kila kimoja huonekana kidogo na kushuka chini ya orodha.

Na ile asilimia iliyoandikwa mbele? Watu wengi wakiona 70 wanadhani ni kipimo cha uchungu au cha ubora. Ni jumla ya kila kilichotoka kwenye mbegu ya kakao, yaani kakao yenyewe na mafuta yake. Kipande kitupu cha asilimia 70 kisicho na kitu ndani, kilichobaki, yaani kiasi cha asilimia 30, karibu chote ni sukari. Cha asilimia 50, sukari ni karibu nusu. Hesabu ni nyepesi kiasi hicho.

Lakini neno "nyeusi" peke yake halimbani mtengenezaji sana. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 2000 inataka kitu kinachoitwa chokoleti kiwe na asilimia 35 ya kakao kwa uchache, na ndivyo kilivyo pia kipimo cha kimataifa cha Codex. Marekani sheria haina kabisa tafsiri ya chokoleti nyeusi. Na kwa zile zilizojazwa, ambazo ndizo zinazojaa kwenye boksi la mchanganyiko, kinachotakiwa ni kwamba chokoleti isipungue robo ya uzito wa kipande. Robo! Kwa hiyo boksi linaweza kuandikwa 70 kwa herufi kubwa, na asilimia hiyo ikawa ni ya ganda tu, huku kilicho ndani kikawa ni malai matamu kama yale ya keki.

Tuweke hesabu mezani. Idara ya Kilimo ya Marekani imepima gramu 100 za chokoleti nyeusi ya kakao asilimia 70 hadi 85 na kukuta kalori 598, mafuta gramu 43, sukari gramu 24, nyuzinyuzi gramu 11, madini ya chuma miligramu 12 na magnesiamu miligramu 228. Ile ya asilimia 45 hadi 59 ina kalori 546, mafuta gramu 31, sukari gramu 48, nyuzinyuzi gramu 7 na chuma miligramu 8. Sukari inaongezeka maradufu, na zote mbili zinaitwa nyeusi. Wala asidhani mtu kuwa ile chungu ni nyepesi kwa mwili. Ina kalori nyingi zaidi kwa sababu ya mafuta, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni yale mazito yanayoganda.

Hizo ni chokoleti tupu. Zilizojazwa tuzipime kwa kukadiria. Kipande kimoja cha boksi la mchanganyiko huwa na gramu kumi na kitu, tuseme 12. Kikiwa nusu yake ni sukari, na vingi viko hivyo, hizo ni gramu 6, sawa na kijiko kimoja na nusu cha chai. Mgeni akila vinne kwa kahawa, amekula vijiko sita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema sukari ya kutiwa isipite sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, kiasi cha gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na ni bora zaidi ishuke chini ya gramu 25. Vipande vinne vimekaribia kuimaliza hiyo ya gramu 25 kabla ya chai ya maziwa, kabla ya haluwa, na kabla ya chakula cha usiku. Na hiyo ni hesabu ya mtu mzima wa afya, si ya bi mkubwa anayejidunga insulini.

Hapa watatuuliza wenye tende zao: je, tende si tamu zaidi? Ni tamu kweli, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na mwenye maradhi anapaswa kuzihesabu. Lakini tende mtu anajua kuwa ni tamu, hakuna aliyemwambia kuwa ni dawa ya sukari. Tena imeingia madukani tende iliyotiwa lozi ndani na kuvishwa chokoleti nyeusi, imeandikwa kuwa haikuongezwa sukari. Haikuongezwa, sawa. Iliyokuwamo haikuondoka.

Vile viungo vyenye herufi E vinawatia watu wasiwasi kuliko sukari, na kwa maoni yetu wasiwasi huo umekwenda pasipo pake. E322 ni lesithini, mara nyingi ya soya, inayofanya rojo la chokoleti litiririke vizuri. E476 inatokana na mafuta ya mbarika, ule mmea unaojiotea kwenye majalala ya nyumbani ambao bibi zetu walikuwa wakitukimbiza na mafuta yake tumbo likifunga. Hutiwa ili kupunguza mafuta ya kakao ambayo ni ghali. E414 ni ubani wa mgunga, na Sudan ndiyo nchi inayosifika kwayo. Hivyo havimdhuru mtu kwa kiasi kinachotiwa.

Vya kuuliza ni vingine, na hapa tunazungumza na Waislamu zaidi. Jelatini ikitajwa bila kusemwa imetoka kwa mnyama gani, inaweza kuwa ya nguruwe, nayo hupatikana kwenye vile vipande laini vinavyovutika ndani. E471 inaweza kutoka kwenye mimea na inaweza kutoka kwa mnyama. E120, rangi nyekundu ya ndani ya zile za matunda, inatoka kwa wadudu, na E904 inayoleta mng'aro ni utomvu wa wadudu pia. Hizo masheikh waulizwe. Na boksi la Ulaya likitaja ramu, brandi au kirsch, hiyo ni pombe, wala haikuandikwa kwa ajili ya kupamba. Mali inayoingia madukani hapa kwa njia ya kawaida hukaguliwa. Linalokuja ndani ya sanduku la shangazi kutoka London halikukaguliwa na mtu.

Wenye mzio nao waangalie. Mwaka 2015 wakaguzi wa chakula na dawa wa Marekani waliripoti kuwa chokoleti nyeusi nyingi walizozipima zilikuwa na maziwa, ilhali maziwa hayakutajwa katika viungo. Mashine iliyopitisha chokoleti ya maziwa asubuhi ndiyo hiyo hiyo inayopitisha nyeusi mchana. Kwa lozi, karanga na korosho ni vivyo hivyo. Boksi la mchanganyiko ni baya zaidi kwa mtoto mwenye mzio, kwa sababu vipande vinagusana na ganda la nje halisemi kilichomo.

Tuje kwenye zile zinazouzwa kuwa hazina sukari. Badala ya sukari hutiwa maltitoli au vitu vya jamaa yake. Maltitoli hupandisha sukari ya damu kwa kiasi kidogo kuliko sukari ya kawaida, lakini hupandisha, na kalori zake zipo, na mafuta ya chokoleti yako pale pale. Akizidisha mtu, tumbo linamwendesha; sheria ya Ulaya inalazimisha onyo hilo kuandikwa vitu hivyo vikizidi sehemu ya kumi ya bidhaa. Tumewahi kusikia mzee akilaumu samaki siku tatu mfululizo. Nguru maskini hakuwa na kosa.

Sasa ile faida inayosemwa iko wapi hasa? Iko kwenye vitu viitwavyo flavanoli, vilivyomo kwenye mbegu ya kakao, ambavyo husaidia mishipa ya damu kulegea. Mwaka 2012 wakala wa usalama wa chakula wa Ulaya ulikubali kuwa miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku zinasaidia mzunguko wa damu. Tatizo ni kwamba flavanoli hupungua kakao inapochachushwa, hupungua inapokaangwa, na hupungua mno inapotiwa alkali ili isiwe chungu na rangi yake ikolee. Kwa hiyo weusi wa chokoleti si ushahidi wa chochote. Inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa sababu imetiwa alkali, na ikawa ndiyo yenye faida ndogo zaidi. Boksi kwa kawaida halisemi flavanoli ni kiasi gani.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililoitwa COSMOS, lililosaidiwa kwa fedha na kampuni ya chokoleti ya Mars. Watu zaidi ya 21,000 wa umri mkubwa waligawanywa. Wengine walipewa vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku, wengine vidonge vitupu. Maradhi ya moyo na kiharusi kwa jumla hayakupungua kwa kiasi cha kuthibitika, ingawa vifo vya moyo vilikuwa pungufu. Na mwaka 2023 watafiti hao hao walipotazama kisukari, hawakuona kuwa vidonge vile vinakizuia. Mwaka huo huo 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema kuwa ushahidi juu ya moyo ni mdogo sana, na hata hivyo ikaruhusu dai hilo kwa unga wa kakao wenye flavanoli nyingi tu, ikakataa lisitumike kwa unga wa kawaida wala kwa chokoleti. Vidonge visivyo na sukari vimeshindwa kuzuia kisukari. Tutarajie nini kwa kipande cha karameli?

Linalotuuma zaidi ni kwamba kakao yenyewe tunayo. Inalimwa Kyela mkoani Mbeya, inalimwa bonde la Kilombero, ambako kijijini Mbingu kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikinunua mbegu mbichi na kuzichachusha yenyewe tangu mwaka 2013. Iko Bundibugyo upande wa Uganda, na iko Beni, Congo. Wanunuzi wa nje wanaisifu kwa ladha. Mbegu huchachushwa siku kadhaa, huanikwa juani, hutiwa magunia, huondoka. Hurudi Afrika Mashariki imezungushiwa karatasi ya dhahabu, imechanganywa na sukari mara mbili ya uzito wake, ndani ya begi la mtu anayetoka Maskati kwenda Unguja kusalimia wazee.

Na bei imeharibu mambo. Kwa miaka mingi tani moja ya kakao ilikuwa ikiuzwa kiasi cha dola 2,000 hadi 3,000. Mavuno yaliposhindwa Ivory Coast na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei ilipita dola 12,000 mwezi Desemba 2024, kabla ya kuanza kushuka. Viwanda vikatafuta njia. Vipande vikawa vidogo, kakao ikapunguzwa, mafuta ya mawese na ya mise yakaongezwa. Uingereza mwaka 2025 biskuti zinazojulikana sana za Penguin na Club ziliacha kuitwa za chokoleti zikawa za "ladha ya chokoleti", kwa sababu kakao iliyobaki ndani haikutosha kwa jina lile. Msomaji akikutana na maneno hayo, ladha ya chokoleti, ajue yamechaguliwa na mwanasheria. Kilichomo ni mafuta ya mawese, sukari na unga kidogo wa kakao.

Oman ilianza mwaka 2019 kutoza kodi ya asilimia 50 kwenye soda, na mwaka 2020 ikaongeza vinywaji vya kutiwa sukari. Kodi hizo ziliwekwa kwa vinywaji, si kwa chokoleti, na boksi likapita mlango wa pembeni likaingia sebuleni.

Kwa ufupi tutaje mambo mengine ambayo wenye maradhi wanapaswa kuyajua. Mwenye figo dhaifu aliyeambiwa apunguze potasiamu, chokoleti nyeusi ina miligramu zaidi ya 700 katika gramu 100. Mama mjamzito anayeambiwa ale kwa ajili ya chuma, chuma kimo, lakini kakao yenyewe hukizuia kisifyonzwe vizuri. Mchicha na dagaa na vidonge alivyopewa kliniki visiachwe. Na mwezi Desemba 2022 jarida la watetezi wa walaji la Marekani, Consumer Reports, lilipima chokoleti nyeusi 28 likakuta risasi na kadimiamu katika zote. Ulaya imeweka ukomo wa kadimiamu tangu mwaka 2019. Kakao ya Afrika kwa kawaida ina kadimiamu kidogo kuliko ya baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini. Kwa mtu mzima anayekula kipande mara moja moja halina haja ya kumtisha. Mtoto mdogo asipewe kila siku.

Joto nalo ni adui wa chokoleti hapa. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na Maskati wakati wa kiangazi hupita 40. Boksi lililosahauliwa ndani ya gari likaganda tena usiku hutoka utando mweupe juu. Watu huudhani ni ukungu wakalitupa. Siyo ukungu, ni mafuta yaliyopanda juu, haidhuru ila ladha imeharibika. Lakini zenye malai au njugu ndani, zikishapata joto mara kadhaa mafuta yake huvunda, na harufu itamwambia mtu. Anayesafiri nazo kwenda nyumbani azichukue mkononi, asizitie kwenye begi litakaloshinda juani uwanja wa ndege.

Basi mgonjwa wa sukari asile kabisa? Hatukusema hivyo, wala madaktari wengi hawasemi hivyo. Anayependa na atafute kibao kitupu kisichojazwa, cha asilimia 70 kwenda juu, ambacho neno la mwanzo katika viungo ni kakao, avunje gramu kumi, ale baada ya chakula, na apime sukari yake saa mbili baadaye aone mwili wake unasemaje. Mashine ya kupimia iko karibu kila nyumba yenye mgonjwa. Jibu lake ni la uhakika zaidi kuliko la simu.

Liko jambo moja ambalo halingoji. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, sukari yake inaweza kushuka ghafla: atatetemeka, atatoka jasho jembamba, maneno yatamtatiza. Katika nyumba nyingi mtu wa kwanza atakimbilia boksi la chokoleti kwa kuwa ndilo lililo karibu. Asifanye hivyo. Mafuta ya chokoleti huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na nyeusi ile chungu ina mafuta mengi zaidi na sukari ndogo zaidi, yaani kwa saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya juisi ya matunda, au soda ya kawaida ambayo si ile isiyo na sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini apewe tena. Ikishapanda, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni, si maji ya sukari wala asali. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.